Bei ya Adui: Ada ya Gemu za Risasi Mtandaoni na Swali la Haki

Gemu ya risasi inayochezwa na watu wengi mtandaoni ina sifa moja inayoitenga na bidhaa nyingine: sehemu yake kubwa haitengenezwi na anayeiuza. Kampuni huchora uwanja, bunduki, milipuko, na kanuni za kuamua nani amekufa na nani angali hai. Lakini kinachomkeshesha mchezaji hadi alfajiri ni binadamu mwenzake aliyejibanza nyuma ya ukuta na hila zake, woga wake na papara zake, mtu ambaye hakuajiriwa na yeyote. Uwanja usio na watu hao hauna mchezo. Kwa hiyo kampuni inapodai ada ya mwezi au ya mwaka ili mtu aruhusiwe kukutana na wenzake, swali la kwanza si kama ada hiyo ni ghali au rahisi. Swali ni kama kinachouzwa hapo ni mali ya muuzaji.

Ada zenyewe si za aina moja, na mabishano mengi huvurugika kwa kuzichanganya. Iko ada inayotozwa na mwenye gemu kwa ajili ya gemu yake tu. Iko ada inayotozwa na mwenye konsoli, ile mashine inayochomekwa kwenye runinga, ili kufungua mlango wa mtandao kwa gemu za kampuni zote. Na zipo gemu zisizo na ada kabisa, ambazo hujilipia kwa kuuza vitu vidogovidogo ndani ya mchezo.

Ada ya kucheza na wenzako ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Gemu ya Doom ilitoka Desemba 1993, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Houston, katika jimbo la Texas, huduma iliyoitwa DWANGO: wachezaji walipiga simu kwa modemu, wakaunganishwa, wakalipa kwa mwezi. Quake, ya mwaka 1996, ilifungua njia nyingine. Yeyote mwenye kompyuta na laini nzuri ya intaneti aliweza kuendesha seva yake mwenyewe. Counter-Strike, iliyoanza mwaka 1999 kama kazi ya mashabiki wawili juu ya msingi wa Half-Life, ilikua kwa njia hiyohiyo, kwenye seva za vyuo na za marafiki waliochangishana. Hapo mwenye nyumba aligharimia, wageni wakanywa kahawa. PlanetSide ya mwaka 2003 ilirudi kwenye ada ya mwezi, ikiwa na sababu ya kueleweka, kwani iliweka mamia ya wapiganaji katika ardhi moja isiyolala. Hata hivyo PlanetSide 2 ilipokuja mwaka 2012 ilikuwa ya bure.

Ada iliyodumu ni ile ya mwenye konsoli. Microsoft ilifungua Xbox Live tarehe 15 Novemba 2002 kwa dola 49.99 kwa mwaka. Sony iliwaacha wachezaji wa PlayStation 3 wacheze mtandaoni bila kulipa, lakini PlayStation 4 ilipoingia sokoni mwaka 2013 ikadai uanachama wa kulipia wa PlayStation Plus kwa gemu nyingi zinazochezwa mtandaoni. Nintendo ilifuata mwaka 2018. Kufikia Septemba 2023 PlayStation Plus ya daraja la chini nchini Marekani ilikuwa imepanda kutoka dola 59.99 hadi 79.99 kwa mwaka.

Fikra ya bei ya haki ina historia ndefu, na mtu mmoja wa karne ya 13 aliligusa jambo hili bila kuijua gemu. Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, anasema muuzaji anayepata hasara kwa kuachana na kitu chake anaruhusiwa kuihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini mnunuzi akinufaika mno na kitu hicho ilhali muuzaji hapungukiwi na lolote, muuzaji hana haki ya kupandisha bei kwa sababu ya manufaa hayo. Hayakutoka kwake, yametokana na hali ya mnunuzi. Mtu asiuze kisicho chake. Kwa kipimo hicho, furaha ya kumvizia rafiki aliyeko mji wa mbali imetoka kwa rafiki. Kampuni ina haki ya kulipwa inachotumia kuwaunganisha. Urafiki wao, na uadui wao wa saa mbili, haukuwahi kuwa ghalani mwake.

Halo 2, iliyotoka Novemba 2004, inaonyesha jinsi vitu hivyo viwili vinavyoweza kutengana. Seva za Xbox Live zilifanya kazi ya mshenga: ziliwatafutia wachezaji wapinzani wa kiwango chao, zikatunza majina ya marafiki na hesabu za ushindi. Pambano lenyewe halikuchezwa kwenye seva hizo. Konsoli ya mmoja wa wachezaji iliteuliwa kuwa mwenyeji, ikabeba mchezo mzima kwa umeme na intaneti inayolipiwa na mwenye nyumba. Aliyelipa ada ndiye pia aliyetoa ukumbi. Gemu nyingi za risasi za konsoli za miaka hiyo zilifuata mpango huo, Call of Duty zikiwemo. Ushenga una ujira wake na hakuna anayeukana. Ila mshenga hatozi kila mwaka wa ndoa. (Mtetezi wa ada atajibu kwamba mtandaoni kila pambano ni ndoa mpya, na jibu hilo lina uzito wake.)

Mwaka 2020 jambo hili lilikuwa wazi zaidi. Call of Duty: Warzone ilitoka Machi ikiwa bure, ikawachanganya katika uwanja mmoja wachezaji wa kompyuta, wa PlayStation na wa Xbox. Wa kompyuta hakudaiwa ada. Wa PlayStation hakudaiwa. Wa Xbox alitakiwa awe na Xbox Live Gold, daraja la kulipia la Xbox Live. Watu watatu waliruka kutoka ndege moja, wakaangukia kijiji kimoja, wakahudumiwa na seva moja, na mmoja wao alikuwa amelipa kiingilio kwa mtu asiye mwenye uwanja. Januari 2021 Microsoft ilitangaza kwamba anayelipia Gold kwa miezi sita angetoa dola 60, yaani dola 120 kwa mwaka. Kelele zikazuka. Siku hiyohiyo ikaufuta uamuzi wake, ikaahidi pia kuondoa sharti la Gold kwa gemu za bure, na Aprili sharti likaondoka. Kama ada ile ilikuwa fidia ya gharama, gharama yenyewe haikuonekana kwenda popote.

Hata hivyo ada ina utetezi wa kweli, na haufai kupitwa mbio. Mwenye soko hutoza ushuru wa meza, na wachuuzi hulipa hata kama wateja hawakuumbwa na mwenye soko, kwa sababu bila paa, taa na mlinzi wateja wangetawanyika. Xbox Live ya 2002 ilikuwa paa la namna hiyo. Mchezaji alipata jina moja katika gemu zote, orodha moja ya marafiki, na kipaza sauti cha kuzungumza na wenzake, mambo ambayo leo yanaonekana ya kawaida kwa sababu yalizoeleka. Kuwakusanya watu ni kazi, na kabla ya watu kukusanyika kuna anayejenga ukumbi mtupu bila kujua kama utajaa.

Mlinzi ni hoja nzito kuliko paa. Katika gemu ya risasi, mtu mmoja anayetumia programu inayolenga shabaha yenyewe huharibu saa nzima ya watu wengi, na hakuna ustadi wa kumshinda. Akifukuzwa kwenye gemu ya bure, hufungua akaunti nyingine kabla wenzake hawajamaliza kumlaani. Pale ambapo akaunti imelipiwa, adhabu inauma, kwa kuwa fedha hiyo inafanya kazi kama rehani ya tabia njema. Valve, kampuni yenye Counter-Strike, ilipoifanya Counter-Strike: Global Offensive kuwa bure Desemba 2018, waliokwisha kuinunua walipewa hadhi ya Prime, wakakutanishwa wao kwa wao, na tangu 2021 hadhi hiyo haikupatikana tena bila kulipa. Lakini malipo hayo ni ya mara moja. Hoja ya mlinzi inathibitisha kwamba kuwe na gharama ya kuingia. Haithibitishi kwamba gharama hiyo ijirudie kila mwezi, wala kwamba iende kwa mwenye konsoli, ambaye mara nyingi si yeye anayewasaka wadanganyifu ndani ya gemu.

Mapokeo ya Kiislamu yanatofautisha ujira wa huduma na tozo ya njiani. Tozo inayochukuliwa kwa wafanyabiashara kwa nguvu tu ya kukalia mlango, iitwayo maks, ililaumiwa vikali na wanazuoni. Kivuko na kizuizi vyote viwili humsimamisha msafiri na kumtaka hela, lakini kimoja kinamvusha. Ada ya konsoli ina chembe za vyote viwili, na uhalali wake hupanda na kushuka kadiri chembe ya kivuko inavyozidi au kupungua.

Kivuko chenyewe kina fasili yake. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, mkataba wa ijara ni kuuza manufaa badala ya kitu chenyewe: manufaa yanayokusudiwa, yanayojulikana, yanayoweza kutolewa, na yaliyo halali, kwa malipo yanayojulikana. Mlango wa ijara umo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wa dini wa pwani wamekisoma kwa vizazi. Ada ya mwezi inaingia humo bila taabu kubwa. Muda unajulikana, bei inajulikana, na mwisho wa mwezi hakuna anayedai kuwa amenunua seva. Neno “halali” ndilo linalowagawa watu. Anayeamini kwamba kuua kwa mchezo ni upotovu, au kwamba saa nne za kufyatua risasi ni upuuzi unaomla mtu umri wake, hana haja ya kuendelea na hesabu, maana kwake manufaa yenyewe hayapo. Hiyo ni mada nyingine, na ada haiiongezei wala kuipunguzia chochote.

Kwa wanaoendelea, ijara inaleta masharti mawili ambayo kampuni huyasahau. Moja ni ridhaa. Ada inayojikata yenyewe kila mwezi kutoka kwenye kadi ya mtu aliyeacha kucheza tangu Ramadhani iliyopita inategemea usahaulifu, na usahaulifu haujawahi kuwa ridhaa. La pili ni kwamba manufaa yakikatika katikati ya muda, malipo ya muda uliobaki hayadaiwi. Nyumba ikiporomoka, mpangaji halipi kodi ya kifusi. Februari 2025 mtandao wa PlayStation ulizimika kwa karibu saa 24, na Sony ikawaongezea wanachama wa PlayStation Plus siku tano. Ilitoa zaidi ya kilichopotea, lakini iliyatoa kama takrima, si kama deni, na tofauti hiyo inaonekana siku kampuni isipojisikia kukirimu.

Mbadala wa ada unaitwa bure. Fortnite Battle Royale ilitoka Septemba 2017, Apex Legends Februari 2019, Call of Duty: Mobile Oktoba mwaka huohuo, na kizazi kizima kimekua kikiamini kwamba gemu ya risasi hailipiwi. Seva zake hazikuacha kula umeme. Zinalipiwa na wachache wanaonunua skini, ngoma za ushindi na pasi za msimu, kwa niaba ya wengi wasionunua kitu. Kwa mtazamo mmoja huo ni utaratibu wa kupendeza, maana tajiri anamlipia maskini kiti na wote wanakaa safu moja. Kwa mwingine, ni biashara inayohitaji udhaifu wa mtu ili isimame. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubaliana na tume ya biashara ya serikali ya Marekani kulipa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja waliolaghaiwa na mpangilio wa vitufe, ambapo mguso mmoja ulitosha kununua kitu, na watoto waliweza kutumia fedha bila wazazi kuidhinisha. Zilizobaki zilihusu taarifa za watoto.

Masanduku ya bahati ni mabaya zaidi. Mchezaji hulipa bila kujua atapata nini, akitumaini bunduki adimu, akipata rangi aliyokwisha kuwa nayo. Aprili 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliona kwamba masanduku ya Overwatch na ya Counter-Strike: Global Offensive yalivunja sheria ya kamari ya nchi hiyo. Fiqhi ingefika hapohapo kwa hatua chache zaidi, kwani humo mna gharar, yaani kuuziana kisichojulikana, na mna maysir, yaani kamari. Ajabu ni kwamba wachezaji wengi huikasirikia ada, ambayo ndiyo mkataba safi kati ya hiyo miwili, na kulivumilia sanduku kwa sababu limeandikwa “si lazima”.

Swali la haki ndani ya mchezo wenyewe linataka lugha nyingine. Mwanahistoria Johan Huizinga wa Uholanzi, katika Homo Ludens ya mwaka 1938, aliuelezea mchezo kama mahali palipozungushiwa mpaka, ambamo kanuni za nje husimama kando na kanuni za ndani hushika. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika The Grasshopper ya 1978, aliongeza kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima, kwa sababu tu vinaufanya mchezo uwepo. Kwa fikra hizo, adui wa kwenye gemu ni mshirika. Amekubali kutopita ukutani, kupungukiwa risasi, na kufa anapopigwa, na bila makubaliano hayo mwenzake hana cha kushinda. Ada inayolipwa mlangoni na wote kwa usawa haiugusi mpaka huo, kwani waliomo ndani wako sawa. Kuuza bunduki kali zaidi kwa mwenye fedha kunauvunja, kwa kuwa nguvu ya pochi inavushwa hadi mahali ambapo shabaha na ujanja peke yake ndivyo vilivyoahidiwa. Gemu nyingi kubwa za bure zimejizuia hapo na kuuza mapambo tu. Hilo si jambo dogo.

Lakini usawa wa ndani unaweza kuficha dhuluma ya mlangoni. Dola 80 kwa mwaka si kitu kimoja Seattle na Mbagala. Na kwa Afrika Mashariki tatizo huanza kabla ya bei. Mtandao wa PlayStation haujafunguliwa rasmi Tanzania wala Kenya, hivyo vijana wa huku hufungua akaunti kwa jina la nchi nyingine na kulipa kwa kadi za zawadi zinazouzwa na watu wa kati, kwa bei ya watu wa kati. Wakishalipa, risasi zao mara nyingi husafiri hadi seva za mbali na kufika zimechelewa. Wamenunua manufaa yaleyale kwa jina, pungufu kwa uzito. Mei 2024 Sony ilitaka wachezaji wa kompyuta wa Helldivers 2, gemu ya risasi ya kulipia, wawe na akaunti za PlayStation, na gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako akaunti hizo hazitolewi, nyingi za Afrika zikiwemo. Waliokwisha kulipa wakajikuta wamenunua tiketi ya chumba ambacho karibuni wasingeruhusiwa kuingia. Baada ya siku chache za hasira za dunia nzima, sharti likaondolewa. Ndiyo maana wengi wa ukanda huu wamebaki kwenye simu, wakicheza gemu za bure ambazo ada yake ni bando, na anayelipwa ni kampuni ya simu. Huyo angalau kila mtu anajua anauza nini.

Upande wa mchezaji nao una deni. Anayetumia seva, ushenga na ulinzi halafu akazikwepa gharama kwa akaunti ya wizi, amemsukumia mwenzake mzigo wake; kutoridhika na bei hakumpi haki ya kujihudumia. Njia iliyo wazi kwake ni kuacha, na kuacha huku ni kugumu kuliko kuacha bidhaa nyingine, kwa sababu marafiki hawahami pamoja naye. Hapo ndipo hoja ya Thoma inaporudi ikiwa na makali. Kinachomfunga mteja si ubora wa huduma bali watu anaowapenda, nao wanatumika kama pingu bila wao kujua.

Umri wa huduma ndio kipimo cha mwisho cha nini kiliuzwa. Concord, gemu ya risasi ya Sony iliyouzwa dola 40, ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na kuzimwa tarehe 6 Septemba kwa kukosa wachezaji, na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. Seva zilikuwepo, viwanja vilikuwepo, silaha zilikuwepo. Maadui hawakuwepo, na kampuni haikuwa na namna ya kuwatengeneza.

Halo 2 ilikwenda kinyume chake. Tarehe 15 Aprili 2010 Microsoft iliizima Xbox Live kwa konsoli ya Xbox ya kwanza. Wachezaji wachache waliokuwa ndani ya mapambano usiku huo hawakuzima mashine zao. Kwa kuwa mchezo ulibebwa na konsoli zao wenyewe, uliendelea bila mshenga, siku baada ya siku, wakipungua mmoja mmoja mashine ilipozidiwa au laini ilipokatika, hadi wa mwisho alipotoka mwezi Mei.